Maji ya Karbala

Ewe msomaji, kisa cha huzuni hupimwa kwa kipimo gani? Wako wasemao kuwa kisa chema cha msiba ni kile kimlizacho msikilizaji. Kipimo hicho ni chepesi mno, kwani hata moshi wa kuni mbichi huliza. Yafaa tutafute kilicho bora, na kwa kazi hiyo tukitazame kisa cha Karbala, kisimuliwacho kila mwaka katika Muharram, mwezi ambao Waswahili huuita Mfungo Nne kwa kuwa ni wa nne baada ya Ramadhani.

Kiini chake ni hiki. Huseini bin Ali, mjukuu wa Mtume Muhammad, alikataa kumpa Yazidi kiapo cha utii. Mwaka 680, akiwa njiani kuelekea mji wa Al-Kufa katika Iraki pamoja na jamaa zake, alizuiwa na majeshi, akazingirwa katika uwanda wa Karbala, akanyimwa maji ya mto Furati. Siku ya kumi ya Muharram aliuawa pamoja na wafuasi wake, ambao kwa mapokeo yajulikanayo sana walikuwa 72.

Waislamu wa Kishia huziadhimisha siku kumi za kwanza za mwezi huo kwa maombolezo. Huvaa nguo nyeusi na kukutana katika majlisi kukisikiliza kisa hicho. Waislamu wa Kisunni, ambao ndio wengi miongoni mwa Waislamu wa Busia na Malaba, huijua zaidi siku ya kumi kwa saumu ya kumshukuru Mungu aliyemwokoa Nabii Musa na Firauni. Wengi hufunga na siku ya tisa pia. Lakini ukivuka mpaka na kuifuata barabara mpaka Busoga, utawakuta Washia huko Mayuge. Wala usidhani kuwa kisa hiki ni mali ya kundi moja. Hemed bin Abdallah el-Buhriy, mshairi wa upande wa Tanga, ambako Wasunni ndio walio wengi, hakutunga utenzi wa vita vya Wadachi peke yake. Alitunga na utenzi wa Seyyidna Huseni.

Sasa na tuingie katika uhakiki wenyewe. Wasimulizi wengi wana kasoro moja: huharakia siku ya kumi. Huzihesabu panga, mishale na majeraha, na msikilizaji hulia. Lakini huipita mbio sehemu iliyo mhimili wa kisa. Mapokeo yasema kuwa kabla ya Karbala, Hurri bin Yazidi alitumwa na wapanda farasi wapatao 1,000 kuizuia njia ya Huseini. Walipofika walikuwa wameshikwa na kiu kali. Huseini aliamuru wanyweshwe maji, wao na farasi wao, hali akijua wamekuja kwa shari.

Liondoe tukio hilo, nawe utabakiwa na hadithi ya waovu kuwaua wema. Msikilizaji ataondoka na chuki, tena chuki ile hutafuta mtu wa karibu wa kuiangukia. Lirudishe, na kiu ya Karbala itapata uzito wake wa kweli: walionyimwa maji ndio walionywesha. Hurri naye, siku ya kumi, aliliacha jeshi lake, akavuka upande wa pili, akafa akimtetea Huseini. Basi adui wa kisa hiki si kabila wala ukoo. Adui ni tendo, na mtu aweza kuliacha.

Huenda ukasema kuwa mfiwa hadaiwi faida ya machozi yake. Neno hilo lina haki yake. Kama Zainabu, dada yake Huseini, na wenziwe waliosalimika wangalinyamaza, habari ya Karbala ingalisimuliwa na wauaji peke yao. Maombolezo ndiyo yaliyoitunza. Lakini mtunzaji huulizwa alichokitunza, na wafuasi wa Huseini wamejibu kwa vitendo. Katika miji mingi huweka sabili, yaani maji na sharubati kwa kila apitaye njia. Hupika chakula cha kugawa. Na katika miji kama Dar es Salaam na Nairobi hutoa damu kwa ajili ya wagonjwa, bila ya kuuliza dini ya atakayepewa. Matendo hayo ni tafsiri ya kisa, tena tafsiri iliyo sahihi kuliko kilio kitupu.

Nawe usomaye haya mpakani una njia ya kuijaribu tafsiri hiyo. Karbala ni habari ya wasafiri waliozuiwa njiani, na Busia na Malaba ni miji ya wasafiri. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, malori yalijipanga kwa makumi ya kilomita kuelekea Malaba, na madereva wakangoja kwa siku nyingi majibu ya vipimo vyao. Watu wengi waliwaogopa, wakaona kuwa wao ndio waletao maradhi. Dereva yule hakuwa adui mwenye upanga. Alikuwa mtu mwenye kiu aliyeogopwa. Aliyekuwa amekisikia kisa cha Hurri na kukielewa angaliweza kukaa mbali naye kwa tahadhari, na bado amwachie mtungi wa maji kando ya barabara.

Kwa hiyo, usomapo kisa cha msiba, cha Karbala au kinginecho, usiulize tu kama kimekuliza. Uliza kama kimemwonyesha adui kuwa ni mtu. Uliza pia kama, baada ya kukifunga kitabu, unamwona vingine mgeni aliye mlangoni pako. Kisa kisichoweza kukupa jibu la maswali hayo, hata kikiwa na vina vizuri namna gani, kazi yake bado haijatimia.