Kamba Inayojua Kupanda Tu

Gari likifa kati ya Butembo na Beni, hakuna dereva anayetaka kulala nalo njiani. Kilomita hizo 54 za Barabara ya Taifa namba 2 zimo katika jimbo la mashariki mwa Kongo lililowekwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, na Septemba ya mwaka huohuo hata msafara uliosindikizwa na wanajeshi ulishambuliwa upande wa Ituri, kati ya Komanda na Luna, magari yakachomwa moto. Kwa hiyo kabla jua halijazama, gari lenye pane hufungwa nyuma ya jingine na kuvutwa. Tatizo ni jinsi linavyofungwa.

Tuanze na hesabu. Gari dogo la tani moja na nusu, likiwa kwenye lami tambarare, linatembea kwa mvuto wa kilo 20 hivi tu. Ndiyo maana vijana wawili wanalisukuma huku wakipiga gumzo. Kwenye mlima wenye mwinuko wa asilimia 10 unaongezeka mvuto wa kilo 150, na matope mekundu ya masika huongeza juu yake. Bado si mzigo wa kutisha kwa kamba nzuri.

Kinachotisha ni mshtuko. Chukua magari mawili ya uzito huo, kamba imelegea, la mbele linaondoka kwa pupa. Tofauti ya mwendo wa kilomita 5 kwa saa inatosha. Mnyororo, ambao pamoja na vyuma vyake utanyumbuka labda sentimita 5, hupokea karibu tani 3 kwa kufumba na kufumbua. Kamba ya nailoni inayonyumbuka nusu mita hupokea kilo 300 hivi. Madereva wa Fuso wanausifu mnyororo kwamba haukatiki. Ni kweli haukatiki. Kinachong'oka ni bampa.

Basi kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia, ambayo katika magari mengi ya Kijapani huhifadhiwa karibu na jeki na hufungwa kwa kuzungushwa kama skrubu. Isipokuwepo, chasisi. Kamwe si bampa, wala vyuma vya usukani. Na anayelazimika kutumia kebo ya chuma atundike gunia zito au koti katikati yake, maana kebo ikikatika huruka na inaweza kuua mtu aliyesimama kando.

Sasa mtu wa nyuma. Wengi hudhani yeye ni abiria tu, hivyo usukani anapewa yeyote aliye karibu, wakati mwingine konda. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kamba huvuta, haisimamishi. Kila la mbele linapopunguza mwendo, ni wa nyuma anayepaswa kushika breki, tena mapema, ili kamba ibaki imenyooka. Lakini busta ya breki hutegemea injini, na injini imekufa: akikanyaga mara mbili tatu, akiba inakwisha na pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wenye msaada wa haidroliki nao unakuwa mzito. Akichomoa ufunguo, usukani unajifunga kwenye kona ya kwanza.

Butembo iko juu kuliko Beni kwa mamia ya mita, na kati ya miji hiyo barabara inapanda na kushuka. Kwenye mlima kamba inafanya kazi yake vizuri. Kwenye mteremko inalegea, inapita chini ya tairi, kisha inakaza kwa kishindo, au gari la nyuma linampanda mwenzake mgongoni. Mradi wa lami kwenye njia hii, uliozinduliwa mwaka 2021 kwa ubia wa Kongo na Uganda, utaongeza mwendo wa magari, na hatari hiyo itakua nao.

Kuna jambo jingine la mitaa ya Butembo: pikipiki za teksi. Mwendeshaji akiona nafasi ya mita nne kati ya magari mawili anaingia, na kamba haioni mpaka imempata kifuani. Kitambaa chekundu katikati ya kamba ni dawa rahisi mchana. Usiku kitambaa hakisaidii, na kuvuta gari kwa kamba gizani ni jambo la kukataa.

Magari ya otomatiki yana yake. Pampu inayozungusha mafuta ya giaboksi huendeshwa na injini. Tairi zikizunguka huku injini imezima, giaboksi inasagika bila mafuta. Nyutro peke yake haitoshi. Tairi zinazoendesha gari ziinuliwe, na gari linaloendeshwa na tairi zote nne bila kutenganishwa libebwe juu ya lori.

Kwa mengine yote, kifaa kinachofaa njia hii ni bomba la chuma lenye pete na pini ncha zote mbili. Halilegei, na breki za gari la mbele husaidia kulizuia la nyuma, mradi la mbele liwe zito zaidi. Mchomeleaji hodari wa Butembo analiweza. Chama cha madereva, ACCO, kingeweka moja kwenye kituo cha Butembo na jingine Beni, likaazimwa kwa dhamana ya leseni.