Ukungu wa Shiling: Jinsi Taswira ya Bwawa la Furongzhang Ilivyotengenezwa

Kaskazini ya jiji la Guangzhou, katika wilaya ya Huadu, karibu kabisa na mstari wa Tropiki ya Kansa, upo mji wa Shiling, ambao jina lake kwa Kichina maana yake ni Mgongo wa Simba, na ambao sifa yake katika ulimwengu wa biashara ni mikoba, mabegi na mikanda ya ngozi. Aghalabu mgeni atokaye pwani yetu hufika huko kwa shughuli ya mali, akapita dukani na kiwandani, akahesabu katoni zake, akarejea mjini kabla ya magharibi, wala asijue kwamba nyuma ya viwanda hivyo kuna vilima vya kijani, na hekalu la Pangu, ambaye hekaya za Kichina humtaja kuwa ndiye aliyetenga mbingu na ardhi, na bwawa la Furongzhang lililozungukwa na miti. Mimi pia nilifika kwa ajili ya mikoba. Lakini asubuhi moja ya mwezi wa Aprili nilipata wasaa, nikaenda hadi ukingoni mwa bwawa hilo, nikaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikapiga taswira ambayo, nilipoitazama usiku ule katika kompyuta, ilinihuzunisha.

Machoni mwangu palikuwa na safu tatu za vilima, moja nyuma ya nyingine, na maji yaliyotulia mbele yake. Katika taswira palikuwa na rangi ya jivu tu. Majira ya machipuko katika nchi ile huja na hali ambayo wenyeji huiita huinantian, ambapo hewa ya kusini iliyojaa unyevu huingia mpaka majumbani, kuta zikatoka jasho na nguo zikakataa kukauka. Mabaharia wetu wa zamani wangeuita ukungu ule shemali, nao waliuhofu kwa haki, kwa kuwa huficha miamba na humdanganya nahodha juu ya umbali wa nchi kavu. Jicho la mwanadamu hulisamehe pazia hilo, maana akili husaidia kuona kile ambacho macho hayakukipata kikamilifu. Kamera haina msaada huo: huandika kila kilichoifikia, ukungu pamoja na mlima, bila kubagua.

Dalili ya kwanza ya maradhi haya huonekana katika histogramu, yaani ule mchoro unaoonyesha ni nukta ngapi za picha zilizo gizani, ngapi zilizo katikati na ngapi zilizo katika mwanga. Mchoro wa picha yangu ulikuwa kama mlima mmoja mwembamba uliosongamana katikati, bila weusi wa kweli na bila weupe wa kweli. Kwa bahati njema nilikuwa nimeihifadhi picha ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera, ambayo kwa kamera yenye biti 14 huweza kupambanua daraja 16,384 za mwanga katika kila rangi, ilhali picha ya kawaida ya JPEG yenye biti 8 hupambanua daraja 256 tu. Tofauti hiyo si ya kujionea fahari. Anayetaka kuukunjua mwanga uliosongamana anahitaji daraja nyingi za kukunjua, na akizikosa mbingu yake itakatika vipande vipande kama ngazi.

Nikafanya lifanywalo na wengi, nami nalieleza kosa hilo kwa kuwa limeziharibu picha nyingi nzuri: nikakishika kitelezi cha kontrasti nikakisukuma. Majani ya karibu yakageuka makaa, na safu ya tatu ya vilima ikabaki jivu vilevile. Sababu yake ni dhahiri kwa mwenye kutafakari. Ukungu haukai sawasawa juu ya picha nzima, bali huzidi kwa kadiri ya umbali, na dawa itumiwayo kwa kipimo kimoja kwa vitu vya karibu na vya mbali haina budi kuwadhuru wazima na kuwapunja wagonjwa.

Tuiangalie basi asili ya jambo lenyewe. Kila nukta ya picha iliyopigwa ukunguni ni mchanganyiko wa nuru mbili: nuru itokayo kwenye kitu chenyewe, iliyopungua njiani, na nuru ya mbingu iliyotawanywa na hewa mpaka ikaingia katika lenzi bila kupita kwenye kitu hicho. Iwapo mlima ulio umbali wa kilomita moja huifikisha nusu ya nuru yake kwenye kamera, basi, hewa ikiwa ni ileile, ulio kilomita mbili hufikisha robo, na ulio kilomita tatu hufikisha thumni. Na pengo lililobaki hujazwa na weupe wa hewa. Mtu akikijua kiasi cha nuru kilichofika na rangi ya weupe ule, anaweza kuutoa weupe na kuikuza nuru iliyosalia mpaka irudi kadiri yake ya kwanza. Shida ni kwamba picha moja haikuandikwa umbali wa vitu vilivyomo ndani yake.

Shida hiyo ilipata jawabu zuri mno mwaka 2009, katika makala ya wataalamu watatu, Kaiming He, Jian Sun na Xiaoou Tang. Na huyo wa kwanza, nimefurahi kulisema hili, ni mzaliwa wa Guangzhou, jiji ambalo Shiling ni kitongoji chake. Waliona jambo ambalo wapiga picha walikuwa wakilitazama kila siku wasilione: katika picha ya nje isiyo na ukungu, ukichukua karibu kipande chochote kidogo kisicho cha mbingu, utakuta humo nukta ambayo walau moja ya rangi zake tatu, nyekundu, kijani au buluu, inakaribia sifuri. Jani lina buluu haba, udongo mwekundu una buluu haba zaidi, na kivuli kina uhaba wa zote. Kwa hiyo, ukikuta kipande ambacho hata rangi yake iliyo hafifu kabisa ina mwanga, mwanga huo ni wa hewa, na wingi wake ni kipimo cha ukungu. Hivyo ukungu wenyewe ukafanywa shahidi wa umbali. Sijui katika sanaa hii fikira nyingine iliyo nyepesi kiasi hicho na yenye manufaa makubwa namna hiyo.

Programu niliyoitumia ni darktable, ambayo hupatikana bila malipo, na kifaa chake cha kuondoa ukungu kimejengwa juu ya fikira hiyo. Kina vitelezi viwili, kimoja cha nguvu na kimoja cha umbali. Nilipokitumia mara ya kwanza, vilima vilijitokeza kwa namna ya kupendeza, safu ya pili ikapata mikunjo yake na ya tatu ikapata ukingo. Lakini maji ya bwawa yakawa meusi mfano wa wino, na mbingu ikajaa madoa. Hapo pana mpaka wa kanuni ile, na wenyewe walioitunga waliutaja: kitu ambacho kwa asili yake kinafanana na weupe wa hewa hudhaniwa kuwa ni ukungu. Maji yaliyotulia yalikuwa yameibeba sura ya mbingu, na programu, kwa kuwa haijui maji wala mbingu, ikaitaka sura hiyo iondoke.

Dawa yake ni kuzitenga sehemu kwa maski, yaani kuchora eneo ambalo kifaa kiruhusiwe kufanya kazi na lile ambalo kizuiwe. Nikaifanya kazi ya Pangu: nikaitenga mbingu na ardhi, kisha nikayatenga maji na vilima. Katika kazi hii mpaka ndio wenye taabu, kwa sababu maski yenye ukingo mkali huacha mstari wa mwanga juu ya mlima, kama taji la asiyestahili kuvikwa, na maski yenye ukingo laini mno huuvujisha ukungu upya baina ya miti. Nilitumia njia ya kuulainisha ukingo kwa kufuata mipaka iliyomo katika picha yenyewe, ambayo nayo hutokana na kichujio walichokieleza wataalamu walewale watatu mwaka 2010. Mbingu niliiacha bila kuigusa. Maji niliyapa nguvu ndogo, kiasi cha kuuonyesha ukingo wa pili wa bwawa, basi.

Jambo la chembechembe, yaani vidoadoa vya kasoro ya kamera, halifai kupitwa. Mahali ambapo moja ya tano tu ya nuru ya mlima ndiyo iliyofika, kuirudisha kadiri yake ni kuizidisha mara tano, na kila kasoro ya kamera iliyojificha katika nuru ile huzidishwa mara tano pamoja nayo. Kwa hiyo chembechembe niliziondoa kwanza, ukungu ukafuata, na ukali wa mistari nikautia mwisho, tena kwa safu ya kwanza na ya pili peke yake. Mlima wa mbali uliotiwa ukali huonekana kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi.

Sasa nafika kwenye swali ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote: ni kiasi gani cha ukungu kiachwe? Wataalamu wale wa 2009 hawakuuondoa wote. Waliacha kwa makusudi sehemu 5 katika 100, wakasema kwamba ukungu ukiondolewa kabisa picha huwa si ya kawaida na hisia ya kina hupotea. Mchoraji Guo Xi, wa enzi ya Song, aliyezipambanua namna tatu za umbali wa milima, umbali wa kwenda juu, umbali wa kuzama ndani na umbali wa kutandaa, aliyajua hayo karne nyingi kabla ya kompyuta. Katika mchoro wake wa mwaka 1072 uitwao Machipuko ya Mapema, kilichotenga jabali na jabali ni ukungu. Nami katika taswira yangu niliacha zaidi ya walivyoacha wataalamu. Safu ya kwanza niliisafisha karibu yote, ya pili nusu, na ya tatu niliigusa kidogo tu, hata ukingo wake ukasomeka na mwili wake ukabaki katika shemali. Picha ya kwanza niliyoisafisha yote ilipendeza kwa dakika moja. Kisha nikaona safu zote tatu za vilima zimesogea mbele kama watu waliopangwa ukutani, na Shiling niliyoijua ikawa haimo.

Wapo wasemao kwamba kazi hii yote ni kuighushi kweli. Insafu inatutaka tukumbuke kwamba Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika miaka ya 1850, alikuwa akiunganisha bamba mbili, moja ya bahari na moja ya mawingu, kwa kuwa bamba za zama zake hazikuweza kuvikamata vyote viwili kwa pigo moja. Nionavyo, uwongo huanza pale kinapoongezwa kisichokuwapo. Vilima vyangu vilikuwapo, na rangi niliyoirudisha ilikuwa katika faili tangu asubuhi ile.

Nawe msomaji, ikiwa unayo taswira ya Uluguru au ya Usambara iliyomezwa na ukungu ukaiweka kando kwa kuikatia tamaa, ifungue tena, mradi picha ghafi yake ingalipo. Itenge kwanza mbingu na maji kabla hujagusa kitelezi chochote, na ule mlima ulio mbali kabisa uuachie ukungu wake.