Ngoma Ilikuwa na Jina

Huku kwetu Yahuma habari ya mjini haingoji tena mashua. Zamani, aliyetaka kujua mambo ya Kisangani alimngoja msafiri arudi kwa njia ya mto, ama kwa barabara ya msituni ambayo mvua huigeuza kuwa tope. Msafiri alipofika aliketishwa, akapewa maji ya kunywa, ndipo wazee wakamwuliza: Je, umeona kwa macho yako, ama umesikia tu? Siku hizi simu hulia mfukoni, na habari imekwisha kuenea kabla ya mtu kuuliza swali lile. Twataka leo kulipima jambo hili, na kwa kipimo tumechagua kitabu cha zamani kilichozaliwa jirani nasi.

Kitabu hicho chaitwa Talking Drums of Africa, nacho kilitolewa London mwaka 1949. Mwandishi wake, John Carrington, alikuwa Mwingereza, mmisionari wa Kibaptisti aliyefika Yakusu, karibu na Kisangani, mwaka 1938. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini kazi njema yastahili sifa popote ilipo. Alijifunza lugha ya Walokele, akajifunza na lugha ya ngoma yao, hata akaweza kuipiga mwenyewe.

Ngoma tunayoisema si ile ya ngozi ya kuchezea. Ni gogo lililochimbwa ndani kwa njia ya ufa mrefu, ile ambayo wengi wetu twaiita lokole. Mdomo mmoja wa ufa hutoa sauti ya juu, na mdomo wa pili sauti ya chini. Kilokele, kama lugha nyingi za msitu wetu, hupandisha na kushusha sauti katika kila neno, nayo ngoma huifuata sauti hiyo. Lakini maneno mengi hupanda na kushuka sawasawa. Basi mpigaji angepiga neno moja tu, wasikiaji wasingejua asema lipi. Kwa hiyo wazee walilivika kila neno maneno mengine. Hawakupiga «mwezi» peke yake, bali walipiga usemi mrefu wa kueleza jinsi mwezi unavyoitazama dunia kutoka juu. Usiku mtulivu ujumbe ulisikika mwendo wa kilometa 10 hivi, na kijiji kilichosikia kiliweza kuupokeza kwa kijiji cha mbele.

Wengi waliokisoma kitabu hiki wamestaajabia akili ya ngoma. Hata Mmarekani James Gleick, alipoandika mwaka 2011 kitabu kikubwa juu ya historia ya habari, alianza na ngoma hizi za mto Kongo. Nasi twastaajabu pamoja nao. Lakini twaona somo jingine ndani yake, ambalo latufaa zaidi leo. Ngoma ilitumia maneno mengi kwa sababu iliogopa kukosea. Tena mtu alikuwa na jina lake la ngoma, na jina hilo lilikuwa na sehemu tatu: jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na kijiji cha mama yake. Aliyetajwa kwa ngoma alitajwa pamoja na ukoo wake, na aliyepiga alijulikana. Kama alisema uongo, watu walijua waende kwenye nyumba ipi.

Sasa tuitazame simu. Ujumbe wafika kutoka kwa rafiki, naye ameupata kwa shemeji, naye shemeji ameupata katika kundi la watu 200 asiowajua. Mwanzo wake hauonekani, kama chemchemi iliyofunikwa na majani. Twaupeleka mbele kwa kidole kimoja, na moyoni twajisafisha tukisema: Si mimi niliyesema, mimi nimepitisha tu.

Kwamba jambo hili si mchezo, tuliliona mwaka 2021. Mwanzo wa mwezi Machi nchi yetu ilipokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya ugonjwa wa Covid. Kazi ya kuchanja ilianza tarehe 19 Aprili, na kabla ya mwezi kwisha ilibidi dozi milioni 1.3 zipelekwe nchi nyingine, kwa kuwa zingeharibika kabla ya kutumiwa. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: serikali yenyewe ilikuwa imekawia kwa ajili ya mashaka yaliyotoka Ulaya, na vituo vya afya ni vichache. Lakini nani asiyekumbuka yale yaliyopita katika simu siku zile? Kwamba chanjo yaua, kwamba yaondoa uzazi, kwamba Waafrika wajaribiwa kama panya. Kila mtu alikuwa na maneno hayo, wala hakuna aliyekuwa mwenyewe wa maneno hayo.

Serikali imetunga sheria. Sheria ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 yamtia hatiani anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu katika mitandao, na vilevile anayeipeleka mbele. Katika hili la pili twaisifu, maana yakata mzizi wa udhuru wetu wa «nimepitisha tu». Hata hivyo sheria ni panga, na panga halichagui shingo. Mwezi Septemba 2023 mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Kinshasa kwa sababu ya makala iliyotolewa na gazeti la Jeune Afrique, nayo makala hiyo haikuwa na jina lake. Alikaa gerezani zaidi ya miezi sita, mpaka Machi 2024. Hapo twajifunza kwamba si kila afichaye jina lake ni mwongo: wako wanaolificha kwa kuogopa wakubwa. Sheria ikianza kwa kuuliza «Nani amesema?» kabla ya kuuliza «Je, ni kweli?», basi watu wa kweli watanyamaza, na waongo, ambao hawana jina hata kidogo, wataendelea.

Shuleni nako mambo ni yale yale. Twafurahi kwamba mtoto wa Yahuma aweza kupata matokeo ya mtihani wa taifa kwa simu, bila baba yake kuuza mbuzi kwa nauli ya kwenda mjini. Lakini siku hizi zipo programu zinazoandika insha zenyewe, na mwanafunzi huleta kwa mwalimu kazi safi isiyo na kosa, wala hawezi kueleza sentensi moja. Hiyo nayo ni ngoma isiyo na mpigaji. Carrington alisikitika kuona vijana wa shule wakiacha kujifunza ngoma. Angeonaje leo, akiwakuta vijana wanaoacha kujifunza kusema?

Na mjini? Kisangani ni mji wa watu waliotoka pande zote. Mwenye baiskeli ya toleka hambebi abiria kwa kumjua baba yake wala kijiji cha mama yake. Jina la mtu limebaki na sehemu moja, na pengine ni jina la utani tu. Mwezi Februari 2023, huko Lubunga, Wambole na Walengola walianza kupigana kwa ajili ya ardhi, watu wengi wakafa, na nyumba nyingi zikachomwa. Katika mji wenye kidonda cha namna hiyo, neno lisilo na mwenyewe ni kiberiti mkononi mwa mtoto.

Lakini tusije tukawa kama wale wanaosifu jana ili kuchukia leo. Ngoma nayo iliita watu vitani. Tena ilikuwa kazi ya wanaume: mama mjane hakuwa na ngoma ya kumwita mwanawe. Leo mama huyo hupiga simu kwa mwuguzi usiku, na mwanawe aliye Kisangani humtumia pesa za karo kwa simu hiyo hiyo. Anayemwambia aitupe hajui njaa wala homa. Ubaya hauko katika chombo. Uko katika kupokea mdomo mkubwa kuliko wa lokole, na kuiacha nyuma adabu ya lokole.

Basi, ndugu wasomaji, twaomba jambo moja, nalo halihitaji mnara wala umeme. Habari ikifika mkononi mwako, iulize lile swali la wazee: Aliyesema ni nani, na je, ameona ama amesikia? Ukikosa jibu, iache ifie kwako. Ukiona ni ya kweli na yafaa, ipeleke pamoja na jina lako, nawe uwe tayari kulijibia, kama mpigaji aliyejua kwamba kesho watu watafika mlangoni pake. Wazazi wawafundishe watoto hivyo, na walimu wasiipokee insha bila kumwuliza mwanafunzi maneno mawili matatu ya kuieleza. Amri ya nane haikutolewa kwa ajili ya kinywa peke yake. Kidole nacho chaweza kushuhudia uongo.

Wazee wetu walikuwa na gogo tu, nao walitafuta maneno mengi ili jirani asidanganyike. Sisi tulio na simu, twashindwaje kutafuta neno moja, yaani jina letu wenyewe?