Tabaka Nane za Lister

Agosti 1865, mvulana wa miaka 11, James Greenlees, alifikishwa katika hospitali ya Royal Infirmary jijini Glasgow, mguu wake umekanyagwa na gurudumu la mkokoteni. Mfupa ulikuwa umevunjika na ngozi imepasuka. Enzi hizo jeraha la namna hiyo lilioza, na mara nyingi mguu ulikatwa ili kuokoa maisha. Daktari Joseph Lister hakukata. Alichovya kitambaa katika asidi ya kaboliki, akakiweka juu ya jeraha na kukifunika kwa bati jembamba ili dawa isiyeyukie hewani. Alipofungua baada ya siku nne, hakuona dalili ya kuoza. Zilipotimia kama wiki sita, mfupa ulikuwa umeunga.

Wengi humsifu Lister kwa dawa yake. Mimi namsifu zaidi kwa namna alivyofunga. Kaboliki huua vijidudu, lakini huunguza nyama pia, na ngozi ya yule mtoto ilikuwa imechubuka kwa ukali wake. Basi Lister aliizimua dawa, akaijaribu kwa maji na kwa mafuta, akaendelea mwaka baada ya mwaka mpaka akapata shashi iliyotiwa kaboliki pamoja na utomvu na nta ya parafini. Utomvu uliishika dawa ili itoke polepole. Nta ilizuia shashi isigande kwenye ngozi.

Itazame kazi yenyewe. Chini kabisa kipo kipande cha hariri yenye vanishi, kinachoikinga nyama changa na dawa. Juu yake shashi, tabaka nane. Kati ya tabaka la saba na la nane kinapita kitambaa cha mpira. Bila hicho, majimaji ya jeraha yangepenya moja kwa moja hadi nje, yakiisomba dawa na kuwaachia vijidudu njia. Kikiwepo, majimaji hayana budi kutambaa ndani ya shashi yote hadi ukingoni, yakikutana na dawa safari nzima.

Kaboliki imeshaachwa, lakini mpangilio ungalipo: muuguzi wa leo huanza na kitambaa kisichonata, akaweka cha kunyonya majimaji, kisha cha kufunika. Nawe ukifungwa kidonda, usifungue bandeji ili kuchungulia tu. Subiri siku uliyopangiwa. Ikilowa, ikitoa harufu au maumivu yakizidi, rudi kituoni siku hiyohiyo.