Sekunde Mbili za Alfajiri

Mitumbwi ya ndagala inaporudi Kalundu alfajiri, taa zikiwa zimekwisha kuzimwa, Uvira huwa na kimya kifupi ambacho hakimfichi mtu kitu. Katika kimya hicho ndipo gari langu lilipoanza kunishtaki. Kila nilipoliwasha likiwa baridi, injini ilipiga kelele kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo, sekunde mbili hivi, kisha ikatulia. Ni RAV4 ya mwaka 2001, usukani kulia, injini 1ZZ-FE ya lita 1.8, iliyotoka Japani ikashukia Dar es Salaam kama nyingi za huku kwetu.

Fundi niliyempelekea hakukimbilia kufungua boneti. Alitaka gari lilale kwake bila kuguswa, nami nifike kabla jua halijatoka upande wa Burundi. Nilipowasha, aliegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na kuweka mpini sikioni. Mafuriko ya Mto Mulongwe ya Aprili 2020 yalimzolea sanduku zima la zana. Bisibisi hiyo ilipona kwa kuwa aliisahau ndani ya gari la mteja.

“Si valvu,” alisema. “Ni tandere.”

Tandere ni neno tulilolichukua kwenye Kifaransa. Ukishuka na ziwa hadi Kigoma utasikia tensheni. Cheni ya taimingi huunganisha krankshafti na kamshafti, ili valvu zifunguke na kufunga kwa zamu yake pistoni zinapopanda na kushuka. Tandere ni kidole cha chuma kinachosukumwa na springi pamoja na nguvu ya oili, kikiibana reli ambayo cheni huteleza juu yake. Kina meno madogo ya kukizuia kisirudi ndani. Gari likilala, oili hushuka. Meno yakiwa yamelika, kidole hunywea, cheni hulegea, na asubuhi huchapa reli mpaka oili ipande tena. Hizo ndizo sekunde mbili zangu. Nami nilikuwa nimeichelewesha oili: safari baada ya safari kwenda Bukavu, joto lote la bonde la Ruzizi, Luvungi, Kamanyola, kisha kuukwea Ngomo kwa gia ya kwanza na ya pili, nikisema nitabadilisha mwezi ujao.

Alikataa tandere mbili za mitumba kwa gumba tu. Alizibonyeza, zikarudi ndani bila kizuizi chake kufunguliwa, akazirudisha kwa mwenye duka bila maneno. Ya tatu iligoma kurudi. Akainunua.

Kwanza alizungusha puli mpaka alama ikakaa kwenye sifuri. Kisha akafungua waya wa betri, akautia ufunguo wangu mfukoni. “Mzee, sasa mutu asiguse.” Tandere ikishatoka, hakuna kinachoishika cheni, krankshafti ikizunguka hata kidogo, cheni inaweza kuruka jino, na valvu zikakutana na pistoni. Nati ni mbili tu, kle (spana) ya 10, lakini aliikamata karibu na kichwa, kwa vidole viwili. Nguvu inayotakiwa hapo ni nyutoni mita 9. Anayeishika kle mwishoni hukata stadi, na kazi ya asubuhi moja ikawa ya juma zima.

Tandere mpya aliitia ikiwa imelala: kidole kimesukumwa hadi ndani, kimefungwa kwa ndoana ndogo. Na hapa ndipo penye uhodari ninaotaka kuusifu. Kuna mafundi ambao wangewasha gari, ndoana ijifyatue yenyewe. Yeye aliomba redio ya jirani ipunguzwe, akawanyamazisha watoto, akazungusha krankshafti kwa mkono, taratibu, kinyume cha mwendo wake. Injini haikuumbwa kwenda huko. Lakini ukiirudisha kidogo tu, cheni hukisukuma kidole, ndoana hukiachia. Hayo yote hutokea ndani ya chuma, hakuna jicho linaloyafikia. Alisimamisha mkono. Nilisikia tik, ndogo kama komeo la sanduku la nguo. Akazungusha mbele, mizunguko miwili, akirudia kuitazama alama kila mara, kama mtu anayehesabu fedha isiyo yake.

Nilimlipa alichotaka, na nilitamani angetaka zaidi. Kumwaga oili ile nyeusi na kutia mpya alinifanyisha mimi mwenyewe, akiwa amesimama pembeni.

Alfajiri ya pili niliketi garini giza likiwa bado halijaondoka vizuri, nikawasha. Moja. Mbili. Injini ilinguruma chinichini tu, na kupitia dirisha lililo wazi nikasikia mtumbwi ukiburutwa mchangani, na mwanamke akiuliza bei ya ndagala.