Mwandiko wa mkono hufa kwanza kwa msomaji

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Suna, Kaunti ya Migori, kwa jambo la familia ambalo sikudhani lingenirudisha kazini. Jambo lenyewe ni shamba. Mnamo 1974 marehemu baba alimuuzia jirani yetu Mkuria kipande cha ardhi. Baba hakujua Kikuria, na Dholuo ya jirani ilikuwa ya sokoni tu, kwa hiyo makubaliano yaliandikwa kwa Kiswahili. Mwalimu wa shule ya msingi aliyaandika kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la mistari, nao wazee wakatia vidole gumba. Nusu karne baadaye watoto wa pande zote mbili wanavutana: kipande hicho kiliishia wapi?

Ndugu zangu walikuwa na jibu tayari. Karatasi ilipelekwa saiba mjini Migori, kijana mmoja akaipiga chapa, na nakala yake ikasambazwa kwenye WhatsApp ya ukoo. Nakala ilisema "mpaka mti mkubwa." Mti huo ulikatwa zamani, lakini kila mtu anajua ulipokuwa. Basi ardhi iliyoko kati ya mti na mto ni yetu. Nilipoomba kuiona karatasi yenyewe, baadhi yao walishangaa. Ya nini, na iko kwenye simu?

Mjukuu wangu wa Gredi ya Nane ndiye aliyeniletea. Nikamwambia anisomee, maana miwani nilikuwa nimeisahau chumbani. Akaikazia macho, akaigeuza, kisha akasema, "Babu, hii ni Kiswahili kweli? Naona nyuzi tu." Mtoto huyu husoma vitabu kwa kasi kuniliko. Ila mwandiko wa kuunganisha, ule tuliochapwa viboko ili tuujue, kwake ni sawa na Kichina.

Kila mjadala wa kalamu na tarakilishi unapozuka, watetezi wa kalamu hukimbilia habari za ubongo. Hupenda kuutaja utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer, uliochapishwa Marekani mwaka 2014, kwamba wanafunzi walioandika nukuu kwa mkono waliuelewa mhadhara vyema kuliko waliotumia tarakilishi. Hawasemi kwamba watafiti wengine walipourudia hawakupata tofauti iliyo wazi kiasi hicho. Wapinzani wao nao huitaja Finland, ambayo mtaala wake wa 2016 uliacha kuulazimisha mwandiko wa kuunganisha, na watoto wake bado ni wasomaji hodari. Mimi naona pande zote mbili zinamzungumzia anayeandika. Anayesoma kasahaulika.

Sisi wa Kiswahili tungepaswa kulijua hili kabla ya wengine, kwa kuwa lilitupata zamani. Kwa karne kadhaa lugha hii iliandikwa kwa mkono, kwa hati za Kiarabu. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alikuwa mshairi, mchonga mbao na mnakili, na tenzi alizozinakili kwa mkono wake zilisafiri hadi Uingereza na Ujerumani kupitia wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Dar es Salaam pia kuna hazina kubwa ya hati iliyokusanywa miaka ya sitini chini ya usimamizi wa J.W.T. Allen. Siku hizi picha za hati kadhaa zilizoko SOAS, London, zinapatikana mtandaoni. Mwanafunzi wangu wa uzamili anaweza kuifungua hati ya Lamu kwenye simu akiwa ndani ya matatu ya kwenda Kisii. Kuisoma ni jambo jingine.

Ugumu hauko kwenye Kiarabu peke yake. Katika hati hizo za kale herufi moja, ba, ilibeba sauti za b, p na hata mb. Neno lile lile laweza kuwa "bata" au "pata." Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na W.E. Taylor katika karne ya kumi na tisa, aliliona tatizo na akajaribu kuziongezea herufi alama. Aliyelelewa na tenzi masikioni hakuhitaji alama hizo. Aliujua ubeti kabla ya kuuona. Tunaotegemea karatasi tupu ndio tunaokisia. Na msomi akishakisia, kisio lake likachapishwa kwa herufi za Kirumi, basi kisio hilo ndilo linalonukuliwa kwenye tasnifu baada ya tasnifu. Ni wangapi kati yetu tunaofundisha tenzi tumewahi kuirudia hati? Najiuliza na mimi mwenyewe, si ati nawasema wenzangu.

Msidhani haya ni ya Lamu na ya wafu tu. Agosti 2022 tume ya uchaguzi iliweka kwenye tovuti picha za Fomu 34A kutoka vituo 46,229 vya kupigia kura. Teknolojia ilikuwa ya kisasa, lakini kilichokuwa ndani ya picha ni tarakimu zilizoandikwa kwa mkono na maafisa waliokuwa wamekesha. Taifa zima liliinamia simu likibishana kama hii ni 1 au 7. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu zilikuwa katikati ya mabishano.

Najua nitaambiwa mashine zitatusomea. Kweli, programu kama Transkribus zinasoma miandiko ya kale ya Ulaya kwa namna ya kustaajabisha. Lakini hufunzwa kwa kurasa ambazo binadamu amekwisha kuzisoma sawasawa. Huyo binadamu wa miandiko yetu tunamfunza wapi? Shuleni, mwanafunzi wa KCSE bado huandika insha ya Kiswahili kwa kalamu, na wasahihishaji humkaripia kwa hati mbaya. Hakuna anayemkabidhi barua ya babu yake na kumwambia, "Isome." Ningetaka hilo liwe zoezi darasani, hata mara moja kwa muhula: barua, kitabu cha mikutano ya kanisa, daftari la madeni ya duka. Gharama yake haizidi ya kutoa nakala.

Nirudi kwa karatasi ya baba. Nilipoipata miwani, niliona kwa nini kijana wa saiba aliandika "mti." Herufi ya mwisho imejaa wino, na juu yake kuna doa. Sarufi, ambayo nimeila mshahara wake miaka thelathini, haikunifaa kitu: mti na mto zote ni za ngeli ya U-I, na "mkubwa" inakubaliana na zote mbili. Ikabidi nimsome mwalimu mwenyewe. Nilizihesabu i zote alizoandika katika ukurasa ule. Alikuwa mtu wa haraka. Nukta zake zote huruka kulia na kutua juu ya herufi inayofuata, au nje kabisa ya neno. Hakuna hata moja iliyokaa wima juu ya i yake. Lile doa liko wima kabisa. Nikaigeuza karatasi: nukta zake zilikuwa zimekandamizwa hadi zinapapasika kwa kidole upande wa nyuma. Penye doa pako laini. Ni wino uliodondoka. Halafu nikazilinganisha o zake. Alizifunga kwa kikonyo kidogo juu, na kikonyo hicho kipo, chini ya wino.

"Mpaka mto mkubwa."

Niliwaita ndugu zangu, nikawaonyesha mstari kwa mstari, nikawapa karatasi waipapase wenyewe. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kuwatetea Wakuria. Mwingine alisema nakala ya WhatsApp ndiyo watu wote waliyo nayo, na wakili pia, kwa hiyo tuiachilie hapo. Mjukuu wangu aliikalia karatasi ile jioni nzima akiifuata kwa kidole. Kabla ya chakula alikuja kuniambia kwamba neno la tatu kwenye mstari wa pili, ambalo nakala inasema "nne," ni "nane."

Nimeitazama tena. Ni "nane."