Uchunguzi, Upelelezi na Tume

Katika tafsiri za nyaraka za serikali tunakutana mara kwa mara na maneno "uchunguzi" na "upelelezi" yakitumiwa kana kwamba hayana tofauti. Tofauti ipo, na madhara ya kuipuuza si ya lugha peke yake.

Kitenzi "chunguza" kina shina moja na "chungulia". Anayechungulia hutazama ndani ya tundu au kisima. Anayechunguza hutazama kwa bidii hadi ajue kilichomo. Ndiyo sababu neno hili limebebeshwa mizigo mingi. Daktari huchunguza mgonjwa. Na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyopewa jina hilo mwaka 1970, ilifanya kazi ambayo leo twaiita utafiti. Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo nafasi yake ilichukuliwa mwaka 2001 na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ilipokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watendaji, wala haikuitwa ya upelelezi. ("Tume" yenyewe hutokana na "tuma", kama "mtume". Tume isiyorudisha majibu imelikana jina lake.)

"Peleleza" lina siri ndani yake. Katika Biblia ya Kiswahili, watu waliotumwa na Musa walikwenda Kanaani kuipeleleza nchi, wala si kwa idhini ya wenyeji. Polisi wamelitwaa neno hilo kwa haki kabisa, na kila mshtakiwa anayajua maneno "upelelezi haujakamilika". Penye upelelezi pana kosa linalodhaniwa na mtu anayeshukiwa.

Basi mtumishi anayeandikiwa kwamba "upelelezi" wa hesabu za ofisi yake unaendelea amekwisha kufanywa mshukiwa, hata kama kilichokusudiwa ni kupitia vitabu tu. Wenzake hawatangoja taarifa ya mwisho. Na tangu Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania mwaka 2021, kosa hilo laweza kuingia hata katika kifungu cha sheria.

Wapo watakaotuonyesha kamusi inayofasiri "peleleza" kwa "chunguza". Kamusi hueleza neno kwa jirani yake. Haisemi kwamba wanakaa nyumba moja. Twapendekeza "upelelezi" uachiwe makosa ya jinai, na mashauri ya nidhamu kazini yaitwe "uchunguzi", hata pale mfasiri anapoona neno hilo limechakaa.